Kimya cha Belichick kilimmaliza Mac Jones, au tunamsingizia mzee?

#1 Dereva wa Usiku (mleta uzi), Ijumaa alfajiri, Oktoba 3, 2025

Wakuu, salaam. Nimeegesha gari, chai iko mkononi, usingizi hakuna. Jana usiku kwenye NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, San Francisco wamewafunga Rams 26-23 kwenye muda wa nyongeza, kwao kabisa, na aliyekuwa anarusha mpira, yaani kwotabeki, ni Mac Jones. Yadi 342, tachidauni mbili (mpira kuingia eneo la mwisho la wapinzani), mguu unamsumbua kiasi kwamba kila akiangushwa nilidhani hainuki. Msimu huu ameanza mechi tatu badala ya Brock Purdy, kwotabeki wao namba moja anayeuguza kidole cha mguu, na zote tatu kashinda: Saints, Cardinals, sasa Rams.

Mimi naishi Massachusetts tangu 2009. Huyu kijana nimemwona akiletwa kwetu, New England Patriots, kama mfalme 2021, na nimemwona akiondoka Machi 2024 kwa bei ya chaguo la raundi ya sita tu, kwenda Jacksonville. Kwa hiyo naomba nilitoe la moyoni.

Septemba 2022 aliumia kifundo cha mguu dhidi ya Baltimore. Kesho yake Bill Belichick, kocha wetu wakati ule, kaja mbele ya wanahabari. Anaendeleaje? "Siku kwa siku." Atafanyiwa upasuaji? Siku kwa siku. Atacheza Jumapili? Siku kwa siku. Watu wa redio walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka. Machi 2023 kaulizwa kama Mac ndiye kwotabeki wake, akajibu kwamba atacheza aliye bora. Kijana wa miaka 24, mji mzima unamjadili, na mtu pekee ambaye neno lake lingefunga mjadala hakulisema.

Hoja yangu ni hii: kipaji kilikuwepo, jana tumekiona. Kilichokosekana ni kocha kusimama hadharani na kusema "huyu ni wangu". Nipingeni.

#2 Kasuku77

Nakupinga mapema, mkuu. Yule mzee kaongea vile vile na kila mtu kwa miaka 24. Kwani alimsifia Tom Brady, kwotabeki wake wa mataji yote? Mwaka 2015 walipigwa na Kansas City, watu wakasema Brady kaisha, mzee akawajibu "tunaenda Cincinnati", "tunaenda Cincinnati", basi. Mwisho wa msimu pete ya ubingwa. Kimya kile ndicho kilichojenga nyumba, leo unakiita sumu?

#3 BintiPwani

Kasuku, tarehe. Ilikuwa Septemba 29, 2014, wakafungwa 41-14. Wiki iliyofuata wakawapiga hao hao Cincinnati 43-17, na msimu ukaishia kwa kuwafunga Seattle 28-24 kwenye fainali, Super Bowl.

Halafu umeacha kipande muhimu. Mei ya mwaka ule ule walikuwa wamemchagua Jimmy Garoppolo kwenye drafti, chaguo la 62. Kwa hiyo mrithi alikuwa tayari ndani ya nyumba. Mwanahabari mmoja akauliza kama nafasi ya kwotabeki nayo itaangaliwa upya. Belichick hakujibu kwa maneno, alitoa kicheko kidogo cha puani na kumtazama yule mtu kama aliyeingia msibani na viatu vya matope. Kile kicheko ndicho kilikuwa utetezi. Kwa Brady, kuuliza tu ilikuwa tusi. Kwa Mac, swali lilipokelewa kama swali la kawaida.

Kwa hiyo mleta uzi na Kasuku wote mnasema "kimya" kana kwamba ni kimoja. Ni vimya viwili.

#4 Kasuku77

Tarehe nimeikubali, asante dada. Hilo la vimya viwili nalitafakari, lakini bado sijanunua.

#5 Nesi wa Worcester

Mnapoteza muda na vicheko. Tatizo lilikuwa nani anamfundisha. 2021 alikuwa na Josh McDaniels, mratibu wa mashambulizi: timu ikashinda 10, yadi 3,801, tachidauni 22, akaitwa hadi Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi. McDaniels akaenda Las Vegas. 2022 kijana akakabidhiwa Matt Patricia, mtu wa ulinzi, na Joe Judge, mtu wa timu maalum (zile za mateke). Wote wawili wametoka kufukuzwa ukocha mkuu kwingine. Na hakuna hata mmoja aliyepewa cheo cha mratibu wa mashambulizi! Kiangazi kizima wanahabari wanauliza nani ataita michezo, yaani kuchagua mbinu ya kila shambulizi, mzee anazunguka.

Niwape mfano wangu. Kitengo ninachofanyia kazi usiku kilikaa karibu miezi mitatu bila kiongozi wa zamu aliyetajwa. Tulikuwa wawili wenye uzoefu, kila mmoja akiambiwa "saidianeni". Saa tisa usiku mgonjwa kabadilika, wauguzi wapya wanatutazama sisi wawili, na sisi tunatazamana. Hakuna aliyekuwa mzembe. Lakini zile sekunde tano za kutazamana, ndugu zangu, unazibeba hadi nyumbani. Nilipomwona Mac 2022 anageuka kando ya uwanja na kupiga kelele, nilijua hasira ile inatoka wapi.

#6 Mwalimu wa Michezo, Morogoro

Poleni na majukumu wakuu. Samahani, mimi ni mtu wa kandanda, ila mtoto wangu yuko Ohio na ananitumia vipande vya huo mchezo wenu. Drafti ni nini hasa? Ni kama usajili?

#7 Mzee wa Yadi

Karibu mwalimu. Siyo usajili wa pesa. Kila mwaka, kwa kawaida Aprili, timu zinachagua vijana wanaotoka vyuoni kwa zamu, raundi saba, na iliyofanya vibaya msimu uliopita inachagua kwanza ili mnyonge apate kuinuka. Kijana hachagui aende wapi. Zamu zenyewe zinauzwa na kubadilishwa kama mashamba. Ndiyo maana namba aliyochaguliwa nayo mtu inamfuata maisha yote: Brady ni 199, Purdy ni 262, wa mwisho kabisa mwaka 2022.

Sasa nirudi kwenye uzi, kwa sababu kuna jambo hamjaligusa. 2021 makwotabeki watano walichaguliwa raundi ya kwanza: Trevor Lawrence wa 1, Zach Wilson wa 2, Trey Lance wa 3, Justin Fields wa 11, Mac Jones wa 15. San Francisco walitoka zamu ya 12 hadi ya 3 kwa kutoa chaguo za raundi ya kwanza za miaka mitatu, na watu wengi waliamini wanamtaka Mac. Kabla ya drafti Kyle Shanahan, kocha wao, kaulizwa kama Garoppolo, ambaye wakati huo alikuwa kwotabeki wao, atakuwa bado kwenye timu Jumapili. Akajibu kwamba hawezi kuhakikisha kuwa mtu yeyote duniani atakuwa hai Jumapili.

Niambieni sasa, nani mwenye ulimi mkali kwa wanahabari? Huyo huyo Shanahan ndiye kocha wa Mac leo, na kijana anang'ara. Kwa hiyo nadharia ya "kocha aseme maneno mazuri hadharani" inaanguka hapo. Shanahan anampangia michezo inayomfaa: mpira unatoka haraka, katikati ya uwanja, hahitaji mkono wa mzinga. Mac hana mkono wa mzinga, hakuwahi kuwa nao. Hilo ndilo jibu.

#8 Dereva wa Usiku

Mzee wa Yadi, nakuheshimu, ila Shanahan aliyasema yale kuhusu mtu aliyekuwa akitajwa kuuzwa. Mac sasa ni msaidizi, anajua yeye ni msaidizi, na alishaambiwa hivyo waziwazi. Mtu akijua mahali pake hulala. Aliyekuwa hajui ni yule wa Foxborough, nyumbani kwa Patriots.

Nesi, pole sana kwa hiyo zamu. Lakini 2023 walimrudisha Bill O'Brien, mratibu kamili mwenye cheo. Mambo yakawa mabaya zaidi: tukafungwa 38-3 na Dallas, wiki iliyofuata 34-0 na New Orleans nyumbani. Hoja yako inaishia hapo?

#9 Nesi wa Worcester

Haiishii. Mfupa uliounganishwa vibaya, ukija daktari bingwa mwaka wa pili bado unauma. Kijana alishajifunza kukimbia vivuli.

#10 Mbongo Hessen

Mimi nilikuwepo Frankfurt, Novemba 12, 2023. Nimetoka Kassel kwa treni ya alfajiri na kofia ya Patriots niliyonunuliwa na shemeji. Colts 10, sisi 6. Yaani sita! Watu wamelipa nauli kuvuka bahari waone mateke mawili.

Nilikaa upande wa kona. Dakika za mwisho tuko karibu na mstari wao, Hunter Henry na wenzake wamejipanga, Mac karusha, mpira ukatoka kama chapati iliyokosa moto, ukadondoka mfupi, mlinzi akaudaka. Uwanja mzima ukashusha pumzi kwa pamoja, nyinyi mliokuwa kwenye televisheni hamkuisikia ile. Tukapata mpira tena, nikaangalia kando ya uwanja, naona namba 4 anapasha mkono. Bailey Zappe, kwotabeki wa akiba. Naye akajifanya anapiga mpira chini kusimamisha saa, akarusha, ukadakwa vilevile.

Nilichojiuliza pale kwenye baridi ni hiki: ukimtoa kwotabeki wako mbele ya nchi nyingine, ukiwa umebakiza shambulizi moja tu, maneno ya kwenye mkutano yanasaidia nini tena? Kumtoa ndiyo kauli. Nadhani wanahabari tunawapa uzito usio wao.

#11 Kasuku77

Chapati iliyokosa moto 😂 Mbongo Hessen umetisha. Ila hapo umenipa hoja: ni uwanjani, siyo mdomoni.

#12 Otis wa Lowell

Sasemi wazee. Mimi Mkenya wa Lowell, niko hapa tangu enzi za Bledsoe, kwotabeki wa kabla ya Brady, na ninyi wote mmesahau Oktoba 24, 2022. Monday night, Chicago wako kwetu. Mac amerudi kutoka kwa jeraha. Anarusha, inanaswa. Watu elfu sitini wanaanza kuimba jina la Zappe, na mimi nilikuwa ndani, jirani yangu mwenye miaka kama sabini anaimba kuliko watoto wake. Zappe akaingia, tachidauni mbili fasta, uwanja ukalipuka. Halafu tukafungwa 33-14.

Baada ya mechi kocha anasema mpango ulikuwa tangu mwanzo kuwatumia wote wawili, na wote walijua. Bana! Kama mpango ulikuwepo, ungetuambia Ijumaa, yule kijana angetoka uwanjani kwa mpango. Alitoka kwa kuzomewa. Tofauti ya hayo mawili ni neno moja tu mbele ya kipaza sauti, na neno hilo lilikuwa la bure.

#13 Kasuku77

Lingekuwa la bure? Chicago nao wangelisikia! Ndiyo kazi ya kimya hiyo. Ukisema Ijumaa "nitatumia wawili", ulinzi wao unajiandaa kwa wawili. Siri ya mtungi aijuaye kata, wenye timu walijua ndani, sisi wa nje tunaumia nini?

#14 Otis wa Lowell

Kata ilikuwa inalia, Kasuku. Tuliisikia.

#15 BintiPwani

Na tuongeze: Zappe alikuwa chaguo la raundi ya nne mwaka ule ule, la 137. Kocha anayemchagua kwotabeki mwingine mwaka mmoja tu baada ya kumchagua wa kwanza, halafu hasemi kwa nini, amewaachia watu waseme wenyewe. Mimi nimefanya kazi redioni Mombasa miaka sita kabla sijahamia huku. Mgeni akinyamaza, mtangazaji hujaza. Hakuna sekunde inayobaki tupu hewani. Mac alijazwa na kila mwenye namba ya simu ya kupiga studio.

#16 Mwalimu wa Michezo, Morogoro

Asante kwa somo la drafti. Basi na mimi nichangie kwa upande wa mzee. Nina timu ya vijana chini ya miaka 17. Mwaka juzi nilikuwa na makipa wawili wanaokaribiana. Kabla ya nusu fainali nikasema mbele ya wazazi wote, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba fulani ndiye kipa wangu namba moja na ninamwamini. Nilidhani namjenga. Kijana hakulala. Mama yake kaniambia baadaye kwamba alivaa glovu kitandani. Alifungwa mabao matatu, la kwanza mpira ulimpita kati ya mikono kama maji. Tangu siku hiyo kikosi nakitaja kwenye chumba cha kubadilishia nguo, dakika arobaini kabla, bila sifa. Kumtaja mtu hadharani ni kumtwika.

#17 Dereva wa Usiku

Mwalimu, hiyo ya glovu kitandani imenikaa. Sina jibu la haraka.

#18 Kasuku77

Mwalimu wa kandanda amewashinda wenye NFL yao! 👏

#19 Zuhura Reading

Habari zenu. Mkitaka kuona upande wa pili wa shilingi, njooni Wembley, Oktoba 20, 2024. Patriots 16, Jaguars 32. Nilikuwepo na mume wangu. Jerod Mayo, aliyemrithi Belichick, alisifiwa sana kwamba sasa tumepata kocha anayeongea kama binadamu. Baada ya mechi akasema timu yake ni laini, kote kote. Kesho yake analazimika kufafanua kwamba alimaanisha wanacheza kilaini, siyo kwamba wao ni laini. Moto ukawa umeshawaka. Ameshinda 4, kapoteza 13, kafukuzwa baada ya msimu mmoja.

Na Belichick msimu wake wa mwisho? 4 na 13 pia. Msema mengi na mnyamavu wamevuna gunia lile lile. Ila jambo moja: kijana wa drafti aliyekuwa chini ya Mayo, Drake Maye, chaguo la 3, hakuharibika. Kwa nini? Hapo mimi sijui, naomba mnisaidie.

#20 Mzee wa Yadi

Kwa sababu Maye ana mkono na ana miguu, dada. Narudi kule kule. Mwenye kipaji kikubwa hustahimili kocha yeyote. Mwenye cha wastani anahitaji nyumba nzima ipangwe kwa ajili yake: 2021 ilipangwa, 2025 imepangwa.

Kumbukeni Desemba 6, 2021 kule Buffalo, upepo unang'oa bendera. Timu ilishinda 14-10 na Mac akarusha pasi tatu. Tatu, mechi nzima. Kocha alikuwa anajua anacho nini mkononi.

#21 BintiPwani

Mzee, na wapokeaji je? Wengi wanasema Mac alikosa watu wa kudaka. Jana San Francisco hawakuwa na Kittle, Aiyuk, Jennings wala Pearsall. Aliyembeba ni nani? Kendrick Bourne, mipira 10, yadi 142. Bourne yule yule aliyekuwa naye New England! Na 2022 wakamweka pembeni. Kwa hiyo mtu wa kudaka alikuwepo, kiti cha pili kutoka mlangoni.

#22 Dereva wa Usiku

Dada umenifanya nipige honi mwenyewe barabarani. Hili la Bourne sikuliunganisha.

#23 Mtu wa Nakuru

Nimefuata uzi wote. Mnataja historia na hamjamtaja wetu: Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na Colts 2013. Hakupitia drafti kabisa. Raga yetu ina vijana wangapi wa namna hiyo? Ninyi mlioko huko mngetuletea hata mpira mmoja wa kufanyia mazoezi, kuliko kubishana juu ya kicheko cha puani.

#24 Otis wa Lowell

Ujumbe umefika, wa Nakuru. Desemba nakuja nyumbani, nitaleta miwili. Niandikie pembeni.

#25 Kasuku77, Jumamosi

Taarifa fupi: mzee anafundisha timu ya chuo cha North Carolina sasa. Alifungua msimu kwa kufungwa 48-14 na TCU, leo Clemson wamempiga 38-10. Naumia kuandika hivi.

#26 BintiPwani

Pole Kasuku. Kwa haki yake niseme jambo. Yule mzee siyo kwamba hajui kuongea. Muulize historia ya wapigaji wa teke, au yule anayerudisha mpira nyuma kwa ajili ya teke, atakupa darasa la dakika kumi na macho yanang'aa. Baba yake alikuwa kocha pale Annapolis, chuo cha wanamaji, kakulia kwenye mikanda ya mechi. Anaupenda mchezo hadi mifupa. Aliyenyimwa maneno ni mtu, mchezo haukunyimwa. Ndiyo maana kimya chake kwa Mac kinaniuma: maneno alikuwa nayo.

#27 Kasuku77

Au alikuwa nayo ndani ya chumba na sisi hatukualikwa. Hilo hamwezi kulikanusha.

#28 Nesi wa Worcester

Wala wewe huwezi kulithibitisha.

#29 Dereva wa Usiku, Jumapili usiku

Niko barabarani, Buffalo na Patriots nasikiliza redioni. Mike Vrabel, kocha wetu wa msimu huu, na Maye dhidi ya timu ambayo haijafungwa msimu huu. Mwenye picha atupe hali.

#30 Otis wa Lowell

Stefon Diggs, mpokeaji wetu, anawafanyia waajiri wake wa zamani mambo mabaya sana. Yadi zimepita mia. 20-20, mpira ni wetu.

#31 Mwalimu wa Michezo, Morogoro

Huku ni alfajiri, mtoto kanipigia simu niamke. Nimeamka. Nani anapiga teke?

#32 Otis wa Lowell

Andy Borregales, kijana wa drafti ya mwaka huu. Yadi 52. Subirini.

#33 Otis wa Lowell

IMEINGIA. 23-20, zimebaki sekunde 15!

#34 Zuhura Reading

Nimepiga kelele, mume kaamka, mtoto kaamka. Mtu anitafutie alichosema Vrabel kuhusu Maye baada ya mechi, neno kwa neno.

#35 Mzee wa Yadi

Bado hajatoka, Zuhura. Wanahabari wameshakaa, kiti chake bado kitupu.